Je, maskini akipendeza anadanganya?

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliposhuka na kuukata mji wa Goma katikati, mmoja wetu alikimbilia Gisenyi akiwa na bahasha ya karatasi zake na nguo alizokuwa amevaa kazini: suruali nyeusi na shati jeupe la mikono mirefu. Alikuwa mwalimu. Aliporudi, nyumba yake haikuwepo tena, pale mahali palikuwa ni jiwe jeusi linalotoa moshi. Akaja kukaa kwa mdogo wake hapa Katoyi. Kila jioni mke wake alifua lile shati, akaliweka karibu na mbabula likauke, na asubuhi akalipiga pasi. Siku ya kuandikisha watu watakaopewa maharagwe na maturubai, mwenzetu alipanga mstari tangu saa kumi na moja alfajiri. Kijana aliyeshika orodha akamtazama kuanzia kola mpaka viatu, akamwambia: "Papa, weye unaonekana uko muzuri. Achia bale benye kuteseka bapite."

Akarudi nyumbani mikono mitupu. Kesho yake akavaa kaptula ya mdogo wake iliyotoboka nyuma, akapiga mstari tena, akaandikwa. Amekwisha kutusimulia hadithi hii mara nyingi, nasi tunacheka. Yeye hachekagi mpaka mwisho.

Ndugu msomaji, swali letu ni hili: kati ya siku hizo mbili, ni siku ipi huyu mzee alidanganya? Siku ya shati jeupe, alipoonekana kama mtu asiyepungukiwa, hali hakuwa na hata sahani? Ama siku ya kaptula, alipoonekana jinsi wenye orodha walivyotaka fukara aonekane?

Tunalileta swali hili kwa sababu katika kartie yetu linaulizwa kila siku, ingawa si kwa maneno ya filosofia. Mama akipita amevaa vizuri, akiwa na deni kwa muuza unga, utasikia pembeni: "Anavaa kuliko mfuko yake." Kijana asiye na kazi akivaa kostimi, watu wanasema anajifanya. Na katika makanisa yetu mahubiri juu ya majivuno ya mavazi hayakosi. Mapadri walitufundisha shuleni, kwa Kifaransa, kwamba vazi halimfanyi mtawa. Ni kweli. Lakini hatujapata kumwona padri aliyekuja kusoma misa na singleti.

Kwanza tuseme wazi jinsi mtu wa Katoyi anavyopata kupendeza, maana wanaohukumu mara nyingi hawajui kazi iliyo ndani yake. Sehemu kubwa ya nguo zetu inatoka katika balo. Kenya na Tanzania wanaziita mitumba, Uganda mivumba, na jirani zetu wa Rwanda wanasema caguwa, neno ambalo bila shaka ni "chagua" ya Kiswahili. Balo limebanwa na kufungwa kwa mikanda huko Ulaya, Marekani ama Asia, limevuka bahari hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha likapanda malori mpaka kwetu. Muuzaji analinunua likiwa limefungwa. Hajui kilichomo. Akibahatika anakuta mashati ya pamba ambayo mwenyewe wa kwanza aliyavaa mara mbili. Akikosa bahati anakuta makoti ya theluji, hapa ambapo theluji hatujaiona isipokuwa kwenye picha. Ndiyo maana siku ya kufungua balo kuna watu wanaofika sokoni Virunga kabla jua halijachomoza. Nguo za kwanza zinaenda kwa mwenye pesa, na kwa rafiki wa muuzaji. Zinazobaki zinamwagwa juu ya turubai, na kufika mchana bei ni moja kwa zote.

Hapo ndipo mtu mwenye franga kidogo anaonyesha elimu yake. Mama mmoja wa chama chetu, ambaye ni mshoni, alitufundisha. Usianze kwa kutazama rangi, anasema, ju rangi inadanganya. Geuza nguo ndani nje, utazame mshono. Tazama kwapa, tazama shingo, kisha uinue kitambaa kwenye jua uone kama kimekwisha. Zipu ya chuma ni bora kuliko ya plastiki. Suruali kubwa nunua, kwa sababu fundi atapunguza; ndogo acha, maana hakuna fundi anayeongeza kitambaa kisichokuwepo. Halafu usinunue kitu ambacho hakiongei na kile ulicho nacho nyumbani. Yeye ana sketi mbili tu za kutoka, nyeusi na ya kahawia, na blauzi tano, na zote tano zinaenda na zote mbili. Watu wanadhani ana kabati kubwa. Ana valizi moja, iko chini ya kitanda.

Baada ya kununua, kazi ndiyo kwanza inaanza. Fundi wa cherehani pale barazani anapunguza kiuno na kubadilisha vifungo. Viatu ni shida ya pekee, maana mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkano, na yale mawe yanakula soli kama msasa. Wengi wetu tumeongezewa chini kipande cha mpira wa gurudumu. Kiangazi vumbi jeusi, masika matope. Na maji! Ziwa Kivu tunaliona, lakini maji kwenye bomba ni habari nyingine, na bidoni inayotoka ziwani inalipiwa. Kwa hiyo shati jeupe la Katoyi lina gharama ambayo shati jeupe la Bruseli halina. Ndani yake kuna bidoni, sabuni, makala ya pasi, na usingizi wa mtu fulani aliyeamka mapema.

Huo si uongo. Mtu akitembea na shati la namna hiyo hasemi "mimi ni tajiri". Anasema "mimi, na watu wa nyumbani kwangu, tumejitunza". Mwenye macho ya kuona pesa tu, kosa ni la macho yake. Yule kijana wa orodha alisoma vibaya: aliona mali mahali ambapo palikuwa na kazi ya mke. Kwa hiyo sisi tunajibu kwamba siku ya shati mzee hakudanganya. Siku ya kaptula ndipo alipolazimishwa kudanganya, si juu ya njaa yake, iliyokuwa ya kweli, bali juu ya yeye ni nani.

Wala si sisi wa kwanza kulijua jambo hili. Zanzibar, katika karne ya 19, watumwa walivaa merikani, ile pamba nyeupe ya bei rahisi iliyoletwa kutoka Marekani, na wanawake walivaa kaniki iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Kwa nguo tu ulijua mtu ni wa nani. Utumwa ulipofutwa kwa amri huko mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa kanga zenye rangi na maandishi, na baadaye buibui, kama mabibi wa mjini. Bila shaka walikuwepo waliosema "wanajifanya". Lakini walikuwa wanajifanya nini, kama si watu huru, jambo ambalo tayari walikuwa? Kwetu Kongo tunakumbuka kinyume chake. Wakati wa Mobutu, kravati ilikatazwa kwa jina la otentisite, na baba zetu wakashona abakosti. Mzee alipotangaza mwisho wa chama kimoja, tarehe 24 Aprili 1990, kravati zilirudi shingoni hata kwa watu waliokuwa hawana shati la kuzifungia. Ilikuwa kichekesho, lakini tuliielewa furaha yao.

Hapa lazima tujihadhari, maana hoja yetu ikiachwa hivi itatetea kila kitu. Tunajua pia upande wa wale wanaoitwa wasapeli, watoto wa kiroho wa Papa Wemba, ambao wanaweza kutumia mshahara wa miezi kwa kiatu kimoja chenye jina la Ulaya. Wana ustadi, hatukatai, na siku za huzuni wanachangamsha mji. Lakini tulimwona baba mmoja, jirani, aliyenunua viatu vya ngozi mwezi wa tisa, na mtoto wake akafukuzwa shuleni mwezi wa kumi kwa kukosa minervali. Vile viatu vilikuwa vizuri kweli. Kila alipopita tulivitazama, na pembeni ya njia tukamwona mtoto anaviringisha gurudumu saa ya masomo.

Tofauti ya mzee wa shati na baba wa viatu iko wapi? Si katika uzuri, wote walipendeza. Si katika bei peke yake. Kwa maoni yetu iko katika swali moja: nani amelipa? Shati la mzee lililipwa na jasho la nyumba nzima, na heshima yake ikarudi kwa nyumba nzima; mke wake alikuwa anatembea naye barabarani kwa kichwa juu. Viatu vya jirani vililipwa na mtoto, ambaye hakuulizwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisi tungeongeza kwamba kuna kuazima ambako mwenye nguo hajui kwamba ameazimwa.

Wengine watatuuliza: na balo lenyewe, je, halilipwi na fundi wetu, aliyekosa kazi kwa sababu ya nguo za wazungu? Swali hili ni zito. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza nguo hizo hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani ilikasirika, na mwaka 2018 ikaiondolea Rwanda nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Sisi wa mpakani tuliyaona matokeo kwa namna yetu: balo zilianza kuvuka usiku kutoka huku kwenda kule. Kuwaonea huruma mafundi ni haki. Lakini kumwambia mama wa Katoyi avae matambara mpaka viwanda vijengwe, tunaona ni kumtoza yeye deni ambalo hakulikopa. Zaidi ya hayo, fundi wetu wa barazani anaishi kwa kupunguza nguo za balo. Yeye mwenyewe hajalalamika, ila siku ambazo watu hawana hata pesa ya kupunguza. Siku hizo zilikuwa nyingi mwaka 2025, M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari na benki zikafunga milango.

Sasa tuseme la kwetu wenyewe, ambalo ndilo lililotusukuma kuandika. Hapa mjini kila harusi, na siku hizi hata kilio, kinataka kikwembe kimoja kwa ukoo na marafiki. Inapendeza macho, na picha zinatoka vizuri. Lakini kikwembe kinachochaguliwa na mwenye uwezo kinalipwa na asiye na uwezo. Yadi sita, halafu fundi, halafu kitambaa cha kichwa. Chama chetu nacho kilifanya hivyo kwa miaka, na tuliita umoja.

Mwaka mmoja dada wa chama alikosekana kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yake mwenyewe. Tulisema ana kiburi. Baadaye yule mama mshoni akamtembelea, akakuta kwamba pesa ya likelemba aliyoiweka kwa ajili ya kikwembe ilikwenda hospitalini. Nguo ya kuvaa alikuwa nayo: rinda la bluu la balo, zuri kuliko uniforme yetu, limepigwa pasi, linaning'inia ukutani. Alilitayarisha tangu usiku. Asubuhi akaogopa kuingia peke yake na bluu kati ya watu themanini wenye njano. Akamwambia mgeni wake: "Mungenitazama kama mutu mwenye alikosa kualikwa."

Sisi tuliokuwa tukimtetea mzee wa shati dhidi ya yule kijana, tukajikuta tumeshika orodha.

Tuliketi wiki mbili tukibishana. Wazee walisema bila kikwembe kimoja hakuna sherehe. Vijana walisema rangi inatosha. Mwishoni tulikubaliana: chama kitataja rangi tu, na kila mtu avae ya rangi hiyo aliyo nayo, iwe ya dukani, ya balo, ama ya mama yake. Anayetaka kushona kikwembe ashone, lakini asimtumie mwenzake karatasi ya kuchangia. Harusi iliyofuata ilikuwa ya bluu. Katika ile picha kuna bluu ya wax, bluu ya jini, bluu iliyofifia kwa jua, na bluu moja inayokaribia kuwa kijani ya mzee aliyesema haoni tofauti. Dada yetu yuko mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto, na lile rinda.