Kuzimu na Jahanamu

Lugha yetu imehifadhi majina mawili ya makao ya wafu: kuzimu, neno la asili ya Kibantu, ambako mizimu ya wazee hukaa, na Jahanamu, lililotujia kwa Kiarabu, ambalo shina lake ni bonde la Hinomu, kando ya Yerusalemu, na ambalo halitamkwi ila pamoja na moto na hesabu. Wababeli wa kale, nadhani, wangaliridhika na lile la kwanza, kwani kwao mfalme na mtumwa walishukia giza lile lile, wakala vumbi. Wamisri walikuwa na mizani: moyo wa maiti ulipimwa kwa unyoya, na uliozidi uzito uliliwa na dubwana lenye kichwa cha mamba, mwenyewe akatoweka kabisa; jambo ambalo mimi, kusema kweli, huliogopa kuliko moto.