Mashahidi Wawili Katika Mwili



Neno letu la mwezi huu latoka katika Amri ya Nane, ile itukatazayo kumshuhudia jirani uongo. Lakini kabla ya kuitazama mioyo yetu, na tuutazame mwili, kwani Muumba ameweka sheria yake humo pia.

Mwaka 1952 na 1953 homa kali iliingia katika nyanda za juu za Makonde, juu ya mto Ruvuma. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakatembea wamejikunja. Kwa hiyo ugonjwa ukaitwa chikungunya, na jina hilo la Kimakonde limeenea ulimwenguni kote. Huletwa na mbu aumaye mchana.

Basi mbu akiisha kuuma, mwili hufanyaje? Ngozini wamo walinzi wenye matawi kama mikono, ambao Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa New York walitoa habari zao mwaka 1973. Mlinzi akimkuta adui, humeza na kumkatakata, kisha hukiweka kipande kidogo juu ya mwili wake, kama mtu aletaye ushahidi katika sahani. Huiacha ngozi, akasafiri kwa njia za limfu mpaka kwenye matezi, yale ambayo yakivimba kwenye kinena twayaita mitoki. Hapo ndipo barazani.

Barazani hupita chembe za damu ziitwazo chembe T. Kila moja hutambua kipande cha namna yake tu. Zimelelewa katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na humo zilijaribiwa: zile zilizoelekea kuupiga mwili wenyewe, nyingi ziliangamizwa. Chembe T haiendi kwa uvumi. Lazima ionyeshwe kipande, tena katika sahani ya mwili wake yenyewe. Hata hivyo ushahidi mmoja hautoshi. Mlinzi hutoa na ishara ya pili, kuthibitisha ya kuwa hatari ipo kweli. Ishara hiyo ikikosekana, chembe T haiinuki kupigana, bali hunyamazishwa. Zikiwapo zote mbili, huongezeka mara nyingi kwa siku chache: nyingine huua chembe zilizoingiliwa na adui, nyingine husaidia kutengeneza kinga ya damuni, na chache hubaki kuwa kumbukumbu, ili adui akirudi ajulikane upesi.

Tazameni hekima hiyo! Torati nayo ilitaka mashahidi wawili au watatu, na Bwana wetu aliikumbusha sheria hiyo alipofundisha habari za ndugu aliyekosa. Mwili huishika. Je, sisi twaishika?

Sisi tukaao pwani hii, toka Mikindani hata Msimbati na mdomo wa Ruvuma, twaijua hofu. Mwezi wa Oktoba 2020 watu wenye silaha waliotoka ng'ambo walikishambulia kijiji cha Kitaya, kando ya mto, wakaua watu. Kukesha ni wajibu, kwani mwili usio na walinzi hufa. Lakini hofu ina ndimi nyingi. Mgeni akivuka kwa mtumbwi, akiwakimbia wauaji wale wale, twamwita adui kwa sababu ya matamshi yake. Mtoto akifa, bibi kizee mjane hunong'onwa kuwa mchawi. Ni nani aliyeonyesha kipande? Ni nani aliyetoa ishara ya pili?

Yako magonjwa ambayo askari wa mwili huvipiga viungo vyake wenyewe. Iko baridi yabisi ya namna hiyo, na mgonjwa hujikunja pasipo kuumwa na mbu. Usharika upigao pasipo ushahidi nao hujikunja vivyo hivyo, wala hapana adui wa nje wa kulaumiwa.

Basi, ndugu, juma hili tukiletewa neno juu ya mtu, tusilipokee upesi. Tuulize: Umeona nini kwa macho yako? Na nani mwingine ameona? Pasipo jibu, tunyamaze, tena tumtetee jirani na kumnenea mema, kama Katekisimo ya Luther itufundishavyo.

Bwana atupe macho ya mlinzi na subira ya baraza. Amin.