Mwenye Muti Akikubali Bei, Je, Haki Imetimizwa?



Tunapenda tufikiri pamoja juu ya neno moja linalotusumbua sisi wenyewe. Wengi wanasema: "Muuzaji alikubali bei, nililipa mbele ya washuhuda, sina deni." Je, mutu akikubali, haki imetimizwa?

Tuanze na kosa letu. Tulipojenga nyumba ya ibada tulihitaji mbao. Mama mujane wa parokia yetu alikuwa na muvule mukubwa katika shamba lake la mihogo, ule muti ambao wafanyabiashara wanauita iroko. Mutoto wake alikuwa mugonjwa. Sisi mashemasi tulimwambia kwamba muti una tundu, tukamupa dola 40. Alikubali, akasema aksanti. Wapasuaji wakatoa mbao 40. Nyuma ya miezi michache alikwenda sokoni kutafuta ubao wa mulango wake, akaambiwa ubao moja ni dola 8. Akatujia bila kelele, akauliza: "Baba shemasi, kumbe muti wangu wote ulikuwa mbao tano tu?"

Hatukuwa na jibu.

Wamoja kati yetu walisema: mbao ziko katika nyumba ya Mungu, ahesabu ni sadaka. Lakini sadaka ni kitu ambacho mutu anajua kwamba anakitoa. Kile kilichotoka kwake kwa kutojua, hakukitoa; kilichukuliwa. Wengine walisema: kazi ilikuwa na gharama. Hiyo ni kweli, na mununuzi naye ana haki yake. Basi tuliandika yote: wapasuaji, mafuta ya mashini, wabebaji, jumla dola 170. Mbao 40 kwa dola 8 ni dola 320. Tukiondoa gharama, inabaki dola 150. Tulimwongezea mama dola 110, kwa mara tatu.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, kinaeleza Abrahamu aliyetafuta kaburi la mukewe Sara. Mwenye shamba alisema atamupa bure, lakini Abrahamu alikataa. Alipima shekeli 400 za feza mbele ya watu, na miti yote iliyokuwa katika shamba ilihesabiwa pamoja na udongo. Naye Mithali, sura ya 20, anamwonyesha mununuzi anayezarau kitu mbele ya muuzaji, kisha akifika mbali anajisifu. Sisi na lile tundu letu tulikuwa mununuzi yule.

Tumeona hivi: kukubali kwa mutu kuna nguvu akijua kitu alicho nacho, na akiwa na uwezo wa kusema hapana. Yule mama hakujua, na homa ya mutoto haikumuacha akatae. Tulipata neno lake, hatukupata haki.

Kwa hiyo, ninyi wenye mashamba, mujue mali yenu. Udongo ni wa Serikali kwa sheria ya mwaka 1973. Lakini Kanuni ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, kifungu cha 9, inasema miti iliyo katika shamba la mutu ni yake, naye anaweza kuiachia mutu mwingine. Mununuzi wa biashara anapaswa kuwa na ruhusa ya kukata, mumwombe aionyeshe.

Kupima si kazi ngumu. Zungusha kamba kwenye muti, kimo cha kifua. Kama ni mita 3, zidisha 3 kwa 3, ni 9. Gawanya kwa 12,57. Zidisha kwa urefu wa shina, tuseme mita 10. Unapata karibu mita 7 za kibiki. Shina linapungua kwenda juu, na sehemu kubwa inakuwa vumbi na vipande. Hesabu sehemu moja tu kwa tatu. Ubao wa mita 4, upana sentimita 30, unene 5, ni mita 0,06 za kibiki. Utapata karibu mbao 39. Kisha uliza bei ya ubao mahali pawili. Mbao za Beni na Mambasa zinapita Kasindi kwenda Uganda na mbali zaidi. Bei haiishi kijijini. Patana pia juu ya mihogo na kahawa zitakazovunjwa muti ukianguka. Andika karatasi, jamaa yote ijue, na upokee feza mbele ya muti kukatwa.

Nanyi wandugu munaonunua, pimeni mbele ya mwenye muti, mumwambie hesabu mulioipata. Pengine faida itapungua. Lakini mutakutana naye Siku ya Bwana kwenye benchi moja, na hamutatazama pembeni.

Bwana atusaidie sisi sote. Amina.