Moto wa Mafiga
Katika majiko ya Singida moto wa mafiga huchochewa kuni moja moja, na usiku hufukiwa majivuni. Umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu, hauko mbali na desturi hiyo. Ugali wa uwele usiokobolewa, ukiliwa kwa mlenda, humeng'enywa polepole kwa sababu ya nyuzinyuzi zake, na polepole sukari huingia damuni, ilhali sembe nyeupe (tamu, hakuna anayebisha) huwaka kama mabua makavu. Usiku insulini, homoni inayoifungulia sukari mlango wa seli, hupungua makali, na sahani kubwa humkuta mzee, ambaye misuli yake imenywea, akiwa na ghala dogo la kuhifadhi sukari hiyo. Msikilizaji anayeelekea kwenye alizeti zake asubuhi hii, je, uji wake umeshainjikwa?