Pambeni, Lakini Neno Lisomeke!

Enyi vijana mnaochora fonti za mlazo zenye madoido, nawasihi: shikeni kalamu kabla ya kuwasha kompyuta! Kalamu ya ncha bapa, wino na karatasi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tumechoka na fonti zinazometameta kwenye kadi za harusi huku mwalikwa akihangaika kusoma jina la bwana harusi!

Ludovico degli Arrighi, mwandishi wa nyaraka za Papa kule Roma, alitoa kijitabu chake *La Operina* mwaka 1522, akafundisha mwandiko huu wa mlazo hatua kwa hatua. Hakuanza na mapambo. Alianza na mikwaju ya kalamu. Tazameni a, d, g na q: tumbo lao ni moja. Tumbo likienda kombo, mkia hautaliokoa!

Nanyi mnaodai mna haraka, mkumbukeni Hermann Zapf, Mjerumani. Mwaka 1948 alijaribu kuuingiza mwandiko wake kwenye herufi za risasi za kuchapia, asifanikiwe kama alivyotaka, maana kila herufi ya risasi imefungwa katika kipande chake na mkia hauna pa kwenda. Je, alikata tamaa? Hata kidogo! Mwaka 1998 ikatoka Zapfino, kwa kuwa kompyuta sasa iliruhusu herufi moja iwe na maumbo kadhaa, na mikia ipite juu na chini ya jirani zake. Miaka 50 huyu alivumilia. Wewe mwezi mmoja wakushinda?

Basi ijaribuni kazi yenu kwa Kiswahili chetu. Andikeni "nyongeza": mkia wa g ukifagia kushoto, utamgonga y. Choreni g nyingine, yenye mkia mfupi, na fonti ijue pa kuitumia. Andikeni "ng'ombe": ile ritifaa isiangukie kichwa cha o. Kisha nenepesheni herufi mpate uzito wa pili, mwone kama tundu la e bado liko wazi. Likiziba, rudini mezani! Familia ya fonti hailelewi kwa kumtunza mtoto mmoja.

Futeni kila mkia usio na kazi. Chapeni, someni kwa sauti, rekebisheni, chapeni tena. Na asiyeweza kusoma asilaumiwe, alaumiwe mchoraji!