Sadaka baada ya tufani: nani atazamwe kwanza?

Nyumba ya mtu ikibomolewa na mvua, majirani huja. Mmoja huleta miti, mwingine nyasi, mwingine unga. Hilo ni jambo jema, na hata wasiomjua Kristu hulifanya, maana Mungu ameandika sheria ya huruma mioyoni mwa watu wote. Lakini mapendo ya kikristu yanauliza neno moja zaidi. Yule ambaye hakuwa na nyumba hata kabla ya mvua, apewe nini? Yeye hakubomolewa kitu. Je, apitwe?

Ulizo hilo lilionekana wazi katika mji wa New Orleans, nchi ya Marekani.

Mambo yaliyotokea

Mji huo umejengwa kando ya mto Mississippi, karibu na bahari. Karibu nusu ya ardhi yake iko chini kuliko usawa wa bahari, nao hulindwa na matuta na kuta. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iliyoitwa Katrina, yaani upepo mkali sana utokao baharini pamoja na mvua nyingi, ilisukuma maji kwa nguvu. Kuta zikavunjika, na sehemu nne katika tano za mji zikafunikwa na maji. Tufani hiyo iliua watu zaidi ya 1,300.

Huruma ya watu ilikuwa kubwa. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani peke yake kilipokea dola zaidi ya milioni 2,000 kwa ajili ya tufani za mwaka ule. Serikali nayo ilitoa fedha nyingi. Katika jimbo la Louisiana msaada mkubwa wa kujenga tena ulikuwa kwa wenye nyumba. Fungu la kila mmoja lilihesabiwa kwa bei ya nyumba yake kabla ya tufani, au kwa gharama ya kuitengeneza. Hesabu iliyo ndogo ndiyo iliyofuatwa. Basi nyumba mbili zilizoharibika sawasawa, zenye kuhitaji mbao sawa na misumari sawa, hazikupata sawa, ikiwa moja ilikuwa katika mtaa wa matajiri na nyingine katika mtaa wa maskini. Mitaa ya watu weusi ilipungukiwa, kwa kuwa bei ya nyumba zao ilikuwa ya chini. Watu wakashitaki, na mapatano yakafanyika mwaka 2011.

Tena jamaa nyingi zilikaa katika nyumba za urithi wa babu zao bila hati. Kwa kukosa karatasi, msaada wao ulikawia au ukakosekana. Wapangaji walipata kidogo, na kodi ya nyumba ilipanda sana. Yule aliyelala nje tangu zamani hakuwa na nyumba wala hati ya kuonyesha. Mwaka 2007 wasio na makao mjini walihesabiwa zaidi ya 11,000, karibu mara mbili ya hesabu ya kabla ya tufani. Wengine walipiga hema mbele ya nyumba ya utawala wa mji, wengine walilala chini ya barabara kubwa ya juu.

Kosa lilikuwa wapi?

Wenye kutoa hawakukosa huruma. Kosa lilikuwa katika ulizo lililowekwa mbele ya yote: Umepoteza nini? Kwa ulizo hilo mwenye vingi hupewa vingi, mwenye kidogo hupewa kidogo, asiye na kitu hurudi mikono mitupu. Lakini Msamaria mwema hakumwuliza yule mtu njiani wanyang'anyi wamechukua fedha ngapi. Alitazama majeraha yake.

Wakristu wa kwanza nao waligawiana mali kadiri ya mahitaji ya kila mmoja. Hata hivyo, Matendo ya Mitume husimulia kwamba wajane wengine walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Nao walikuwa wa lugha nyingine. Mitume hawakuwakemea waliolalamika. Waliwaweka watu saba, Stefano akiwa mmoja wao, ili kazi hiyo ifanywe kwa haki. Kwa hiyo nia njema haitoshi. Lazima wawepo wenye kazi ya kuwatafuta waliosahauliwa.

Neno la kupinga

Wengine husema: Fedha zilitolewa kwa ajili ya waliopigwa na tufani. Maskini wa barabarani alikuwa maskini tangu zamani. Kumpa yeye ni kugeuza nia ya mtoaji. Neno hilo lina ukweli ndani yake, maana mtunza sadaka hana ruhusa ya kuitumia apendavyo. Lakini tufani haikumpita maskini. Ilichukua blanketi yake, na kazi ndogo aliyoipata kwa siku. Ilibomoa chumba cha bei nafuu alichotumaini kukipanga. Mtu aliyejeruhiwa mara mbili hawezi kuondolewa katika hesabu kwa sababu jeraha lake la kwanza ni la zamani.

Kazi ya sadaka

Sheria ya Serikali hutaka karatasi. Mapendo hutaka macho. Huko New Orleans chama kiitwacho UNITY kilituma watu wake kuingia usiku katika nyumba zilizoachwa. Hata mwaka 2010, miaka 5 baada ya tufani, waliwakuta humo wazee na wagonjwa. Wengi wao walikuwa na makao kabla ya Katrina. Chama hicho na wenzake hawakuishia kuwapa chakula tu. Waliwasemea maskini mbele ya wakubwa, na mwaka 2008 Bunge la Marekani likatoa fedha za kulipia kodi ya makao 3,000 kwa ajili ya wagonjwa na wadhaifu wa Louisiana. Mwaka 2016 wasio na makao mjini hawakufikia 2,000.

Hiyo ndiyo kazi ya sadaka: kuanza pale sheria isipofika, kisha kuivuta sheria ifike. Isichukue mahali pa haki. Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa aliyekufa mwaka 604, alifundisha kwamba anayempa mhitaji mahitaji yake humrudishia kilicho chake. Analipa deni la haki kuliko kufanya tendo la huruma.

Basi mkatekumeni asiseme kwamba mambo haya ni ya miji mikubwa tu. Siku ya msiba wa wengi, orodha ya kugawa huandikwa hata kijijini, na kwa desturi huandikwa kwa majina ya wenye nyumba. Mjane anayekaa kwa shemeji yake hayumo. Mgeni anayelala jikoni mwa mwingine hayumo. Mwenye kushika orodha hiyo, kabla ya kuifunga, azunguke kijiji mara moja zaidi, aulize ni nani ambaye jina lake halikutajwa. Huyo aandikwe wa kwanza.