Mizani ya Dukani na Meza ya Bwana

Masomo: Mambo ya Walawi 19:33-37, Amosi 8:4-7, Luka 6:36-38



Tukikaa na Wakristo wetu barazani baada ya ibada, mazungumzo hayakawii kufika dukani na sokoni. Huyu alinunua kilo moja ya sukari, na alipofika nyumbani akaona mfuko umesinyaa. Yule alidai chenji ya shilingi 100, akapewa pipi mbili na kiberiti, wala hakuulizwa kama nyumbani kwake wana haja ya kiberiti. Mama mmoja alilipenda fungu la nyanya kwa uzuri wa zile tatu za juu. Alipozimwaga jikoni, za chini zote zilikuwa zimepondeka. Mwingine alisimama kaunta karibu nusu saa, na kila aliyeingia nyuma yake akahudumiwa kwanza, kwa kuwa wanajuana na mwenye duka. Tena kuna habari ya bei: jana hivi, leo vingine, na ukiuliza sababu, nawe unaulizwa kama umekuja kununua au umekuja kuhoji.

Watu husimulia hayo kwa kicheko, na wakati mwingine kwa hasira, kisha huaga na kwenda zao. Wengi hudhani kwamba mambo ya namna hii hayana nafasi katika mahubiri. Dhambi zinazostahili kutajwa mimbarani, kwa maoni yao, ni ulevi, uzinzi na kwenda kwa waganga. Nasi twasema, la hasha. Fungueni Mambo ya Walawi sura ya 19. Katika mstari wa 18 mtaikuta ile amri ya kumpenda jirani, ambayo Bwana wetu aliiita ya pili katika amri zilizo kuu. Shukeni kidogo katika sura hiyo hiyo, mpaka mstari wa 35 na 36: hapo Mungu anaagiza habari za mizani, mawe ya kupimia, efa na hini. Amri ya upendo na amri ya kipimo zimo katika sura moja.

Yafaa tueleze mawe hayo ni nini, maana vijana wetu waliozoea mizani ya umeme huenda wasielewe. Wana wa Israeli wa zamani hawakuwa na sarafu kama sisi. Fedha ilikuwa vipande vya madini, nayo ilipimwa kwa mizani yenye vitanga viwili: huku fedha, huku jiwe lenye uzito uliojulikana. Wachimbaji wa mambo ya kale wameyaokota mawe kama hayo katika nchi ya Yuda, yamechorwa alama, na shekeli moja ni kama gramu 11 hivi. Nafaka ilipimwa kwa efa, chombo ambacho wataalamu wengi hukikadiria kuwa lita 20 na ushee, yaani hakipishani sana na debe letu. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 yakataza mtu kuwa na mawe mawili mfukoni, moja kubwa na moja dogo, na kuwa na efa mbili nyumbani. Kwa nini mbili? Moja ya kununulia, nyingine ya kuuzia.

Nani asiyeyajua mambo hayo hapa kwetu? Wakati wa mavuno mchuuzi huenda shambani na debe lililotanuliwa ubavuni hata likawa kama mjamzito. Akirudi mjini hutoa debe lililobonyezwa kitako. Na lumbesa je? Gunia la viazi hujazwa, kisha hushonewa kichwa cha kamba juu yake, likazidi kilo 100 zilizowekwa na sheria, naye mkulima hulipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wamekemea jambo hili mwaka baada ya mwaka. Musa alilikemea kabla yao.

Sasa tumtazame Amosi. Alikuwa mchungaji wa mifugo na mkulima wa mikuyu kutoka Tekoa, akatumwa kuhubiri katika ufalme wa kaskazini siku za Yeroboamu wa Pili, yapata miaka 760 kabla ya Kristo. Biashara ilistawi sana siku zile. Watu walishika Sabato na mwandamo wa mwezi, walikwenda ibadani, lakini mioyo yao ilikuwa dukani, wakiona ibada inachelewa kwisha. Na walipofungua ghala walifanya mambo matatu: efa waliipunguza, shekeli waliiongeza, na makapi waliyauza pamoja na ngano. Angalieni ujanja wake. Efa ndogo humpunja mnunuzi nafaka, na jiwe kubwa la shekeli humtoza fedha zaidi kwa nafaka hiyo hiyo iliyopunguzwa. Aliibiwa mara mbili katika ununuzi mmoja, kisha akapewa pumba.

Lakini mwizi wa mizani hamwibii kila mtu sawasawa, na hapa ndipo penye uchungu. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mizani fulani huiba gramu 20 kila inapopima, ama kwa kitu kilichobandikwa chini ya kitanga, ama kwa kidole cha muuzaji. Mwenye mshahara anunuaye kilo 5 za sukari mara moja atapoteza gramu 20, wala hatajua. Kibarua anunuaye robo kilo, leo robo na kesho robo kadiri apatavyo, mpaka zitimie kilo 5 amepimiwa mara 20. Amekwisha kupoteza gramu 400. Hata bila wizi, robo yake ilikwisha kuwa ghali kuliko ya yule anunuaye kwa mfuko mzima. Vivyo hivyo mafuta ya kula ya kipimo kidogo, chumvi, majani ya chai ya kufunga kwenye karatasi. Maskini hununua kidogo kidogo kwa sababu hana fedha ya kununua kingi, na kila kipimo kidogo ni nafasi nyingine ya kumpunja. Ndiyo maana nabii hasemi habari za wateja kwa jumla. Awataja maskini na wahitaji. Naye asema kwamba Bwana ameapa kutoyasahau matendo hayo kamwe. Ni kiapo cha kutisha, na mwenye duka aliye Mkristo asikipite upesi.

Wazee wetu wanaikumbuka taabu ya namna nyingine. Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ushirika yashike nafasi yao. Baadaye ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na bidhaa zikaadimika. Watu walipanga foleni kabla ya mapambazuko kwa ajili ya sabuni, wakaweka mawe na vikapu kushika nafasi zao. Unga wa mahindi ya njano uliitwa "Yanga". Aliyetaka sukari alilazimishwa kununua na kitu asichokihitaji. Machi 1983 serikali, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza kuwasaka walanguzi na waliohodhi bidhaa. Ndipo vitu vilivyosemwa kuwa havipo vikaonekana, vingine vimetupwa porini na kando ya barabara usiku, wenyewe wakiogopa kukutwa navyo. Msomaji wa kitabu cha Yoshua atamkumbuka Akani na vile alivyovifukia hemani mwake. Tunayataja hayo kwa sababu wako wasemao kwamba udanganyifu umeletwa na soko huria, na wako wasemao kwamba uliletwa na ujamaa. Duka lilikuwa la ushirika, baadaye likawa la mtu; kidole juu ya mizani kilikuwa kile kile.

Amosi ana neno moja zaidi. Katika mstari wa 6 asema habari za kuwanunua maskini kwa fedha, na mhitaji kwa bei ya viatu. Mtu aweza kudhani nabii ametia chumvi: kutoka efa pungufu mpaka kuuza watu ni mbali. Sisi Waanglikana wa nchi hii hatuwezi kudhani hivyo. Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini, Unguja, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko hilo mwezi Juni 1873, na Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi, naye amezikwa nyuma ya madhabahu. Yasemekana kwamba madhabahu yasimama pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa, ambako mnunuzi aliangalia ni nani avumiliaye fimbo ili ajue bei ya kutoa. Bibi na babu zetu walitazamwa meno, wakapimwa misuli, wakapatanwa bei kama tupatanavyo bei ya mbuzi. Waliopatana walikuwa watu wenye dini zao na sala zao, tena wengi wao, hapana shaka, walikuwa waangalifu sana katika hesabu. Mtu akizoea kumwona mnunuzi kama mfuko wa fedha tu, na mkulima kama gunia tu, amekwisha kuanza safari ambayo Amosi aliuona mwisho wake.

Basi, je, makosa yote ni ya wauzaji? Wenye maduka walioko katika mtaa wetu wametuomba tuseme na upande wa pili, na haki yao tuwape. Liko daftari la mkopo, lile lililofungwa kwa kamba kando ya mizani. Majina mengine yaliyomo humo husomwa pia katika orodha ya wanakwaya. Mtu hukopa unga mwanzo wa mwezi kwa maneno matamu, na mshahara ukitoka hupita njia ya nyuma, akanunue kwa fedha taslimu katika duka lingine. Mtaji wa duka dogo ni mdogo. Madeni ya watu kumi yatosha kulifunga. Yuko pia apewaye chenji ya ziada kwa makosa ya kijana wa duka, akanyamaza na kumshukuru Mungu kana kwamba ni baraka. Kijana yule atakatwa jioni. Na wako wale waendao dukani kwenye kiyoyozi, wakalipa bei iliyobandikwa bila neno, kisha nje ya mlango wakambana bibi mwuza mchicha mpaka apunguze shilingi 50. Wauzaji wa mchicha hawana bei ya kubandika, wana jua tu linalowachwea. Sisi hatuoni kwamba kupatana bei ni dhambi; ni desturi yetu na ina adabu yake, salamu na utani. Lakini kuna kupatana na kuna kumkaba mtu.

Hatuwezi kuondoka sokoni bila kuitaja nyongeza. Mama akishakupimia dagaa kwa kopo, huchota tena kwa vidole na kutia juu. Muuza machungwa huhesabu kumi, kisha hutupia moja kikapuni. Hakuna sheria imlazimishayo, na faida yake yenyewe ni ndogo. Bwana wetu alipotaka kueleza jinsi Baba awapavyo watoto wake, katika Luka 6:38, alichukua mfano wa sokoni: kipimo kilichoshindiliwa na kutikiswa hata nafaka ikamwagika. Alimwona mtu akipimiwa ngano kwa namna hiyo, pengine akiwa na mama yake huko Nazareti. Mchuuzi mmoja aliwahi kutuambia, kwa mzaha, kwamba basi Yesu naye alikubali lumbesa. Tulimjibu kwamba mfurizo wa Injili hutoka mkononi mwa yeye atoaye. Lumbesa hutolewa mgongoni mwa mkulima.

Haya yote yanatuhusu zaidi majuma haya, kwa kuwa Sikukuu ya Mavuno inakaribia, na baada ya ibada utakuwako mnada kama kawaida. Kanisa nalo siku hiyo ni muuza duka. Baraza la mtaa limeagiza kwamba mahindi, mpunga na maharage yapimwe kwa mizani iliyokaguliwa, yenye alama ya mkaguzi. Madebe ya watu binafsi hayatatumika, yawe ya nani. Vitu vya wajane na watoto, yaani mayai, ndimu, mafungu ya mchicha, vitaitwa kwanza, watu wangali wengi na fedha zingali mfukoni. Wanaopandisha bei kwa mbwembwe mbele ya mkutano wajue kwamba bei iliyotamkwa ndiyo bei. Na wale waliochukua mbuzi, kuku na mikungu ya ndizi katika mnada uliopita wakaahidi kulipa mwisho wa mwezi, mtunza hazina atakuwa ofisini kila Jumapili baada ya Komunyo ya kwanza, akiwa na daftari.